Hodi Kiwandani

Duha alirudi nyumbani adhuhuri ikikaribia, mikono mitupu, na babake alijua pana jambo kwa sababu aliingia bila kutoa salamu. Mzee Zein alikuwa ameketi barazani kwake, kichochoroni Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, feni ya jirani mapajani imepasuliwa tumbo, bisibisi mdomoni. Akaitoa bisibisi.

"Kamera i wapi?"

"Imechukuliwa, baba."

"Na wezi?"

"Heri wangekuwa wezi, ningepiga ukelele watu waje. Kaichukua meneja wa kiwanda cha sabuni, kule Shimanzi."

Zein alicheka, kile kicheko chake cha puani kisichofurahisha mtu. "Kiwanda kimekufa, meneja yu hai, ana gari na tai. Waliozikwa nacho ni wafanyakazi peke yao."

Yeye mwenyewe alichochea boila ya kiwanda hicho tangu ujana wake hadi siku lango lilipofungwa kwa mnyororo. Tangu siku hiyo hakuna lililoharibika Mombasa, liwe bomba la maji, liwe bei ya unga, ambalo hakulipeleka mlangoni kwa wakubwa. Hata mkewe Afaf, aliyefariki akingoja kitanda hospitalini, kwa hesabu ya Zein aliuawa na wakubwa. Huenda hakukosea.

"Hapana neno," alisema. "Nikimaliza feni hii nakwenda mwenyewe. Kamera hailiwi."

"Baba, nisikilize." Duha aliketi ukingoni mwa baraza, buibui lake lina kutu begani. "Kadi ya jana imo ndani."

"Kadi gani ya jana?"

"Ya kupamba."

Bisibisi ikamponyoka Zein, ikaanguka ndani ya feni.

Mtu asiye wa Mji wa Kale angeuliza, kwani kuna nini? Picha za arusi si picha tu? Lakini usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Bibi arusi huketishwa jukwaani kichwa wazi, mabega wazi, hina mpaka magotini, na mama zake na shangazi zake na jirani zake huvua mabuibui wakacheza kana kwamba mwanamume hajaumbwa. Mlangoni husimama mwanamke na mkoba mkubwa, akikusanya simu za kila aingiaye, hata awe mke wa nani. Kamera inayoruhusiwa kupita ni moja tu, na miaka nenda miaka rudi ilikuwa ya Afaf. Watu hawakumwita kwa kuwa picha zake zilishinda za wengine. Walimwita kwa kuwa picha zake hazikuonekana. Kadi ilitoka ukumbini ikaingia katika mkebe wa udi, mkebe ukaingia kabatini, na haikutoka humo mpaka mamake bibi arusi aje kuipokea kwa mkono wake. Zein alilala chumba kimoja na mkebe ule maisha yote ya ndoa yake, wala hakuwahi kuufunua.

Afaf alipofariki, kamera, mkebe na jina vilimwangukia Duha. Arusi ndizo zilizotia chakula chunguni, lakini moyo wa Duha ulikuwa kwenye majengo yaliyokufa. Alipiga picha maghala yaliyoachwa, karakana zisizo na mafundi, kuta zilizomenyeka rangi juu ya rangi, jua likishuka kama kamba kwenye matundu ya mabati. "Wenzio wapiga maua," babake alimtania, "wewe wapiga kutu." Lakini kila picha aliitazama amevaa miwani, na akiitazama alinyamaza.

Asubuhi hiyo, macho bado mazito kwa usingizi wa arusi, Duha alichukua kamera akatoka. Kadi akaisahau mlemle ndani.

"Kwani uliingiaje kiwandani?" Zein aliuliza.

"Nilibisha hodi."

"Hodi? Kwenye kiwanda kilichofungwa?"

"Mama ndiye aliyenifunza, jengo tupu haliingiwi kimya, hujui nani anaishi humo. Nikabisha hodi langoni, ndani kukajibu 'Karibu.' Nikaingia. Kumbe ni Karisa, yule bawabu, kalala chini ya ngazi, kajibu usingizini. Alipofumbua macho akaniona nishafika mbele yake. Akasema, 'Basi, karibu nishaitoa, mama, nitairudisha vipi? Piga upesi utoke.'"

Siku nyingine Zein angecheka. "Na ukapiga."

"Nikapiga." Duha aliinamisha kichwa. "Baba, mitambo haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Pale penye boila yako pana shimo, na vyuma vimekatwa kwa gesi usawa wa sakafu. Masufuria makubwa ya kupikia sabuni hayapo. Mikanda haipo. Yamebaki makoti ya wale wanawake waliokuwa wakifunga sabuni, yametundikwa misumarini vilevile, na harufu ya nazi. Hata mabati yakitoboka, harufu ya nazi haitoki."

Kila ulipokaribia uchaguzi walikuja watu kuwaambia wafanyakazi wa zamani kwamba mitambo imepakwa grisi, imefunikwa turubali, inangoja mwekezaji tu. Zein aliwatukana hadharani, na akirudi nyumbani alimwambia Afaf aifue ovaroli yake. Afaf aliifua na kuipiga pasi kila mara, na baada yake Duha. Ilikuwa kabatini hata sasa, imekunjwa, pembeni mwa mkebe.

"Ndipo akaingia meneja na wageni," Duha aliendelea. "Akaja mbio, akanyoosha mkono. Nikawahi kutoa betri kabla hajaishika. Hii hapa." Alifunua kiganja. "Hawezi kuiwasha. Lakini akipata mtu wa kumsomea kadi, ataona kila kitu. Ya kiwanda na ya kupamba."

*

Bi Nasiha, mamake bibi arusi, alibisha hodi hata feni haijafungwa. Mwanamke mnene, mcheshi, manukato yake yalitangulia kuingia.

"Assalamu alaykum, enyi wenye nyumba! Nimekuja kuchukua amana yangu. Wallahi mwanangu hakunipa nafasi hata ya kunywa chai, ataka kujiona."

"Wa alaykumu salaam, Bi Nasiha," Zein alisema. "Ungerudi jioni, baada ya alasiri."

"Jioni? Kwa Afaf, Mungu amrehemu, mimi nilikuwa nabisha hodi mkebe u tayari mezani."

Na mkebe ulikuwa mezani kweli. Duha aliutoa kabatini alipoingia, kama mtu anayetafuta kitu ajuacho hakipo, akauacha wazi. Bi Nasiha aliusogelea akachungulia. Ndani mlikuwa na vipande vya udi tu.

Hakuuliza. Alishika ncha za buibui lake akajifunika vizuri, akalikaza shingoni, kana kwamba wanaume walikuwa wakimtazama wakati uleule. Zein aliona aibu kuliko kama angetukanwa.

"Kamera imeshikwa na meneja mmoja," alimwambia kweli. "Haijafunguliwa. Naenda kuileta."

"Zein," Bi Nasiha alisema, ucheshi wote umemtoka, "mimi jana nilicheza. Nilicheza kama niliyepandwa na kichaa, mwanangu wa pekee anaolewa. Nilicheza kwa sababu ya kamera ya Afaf. Kama mwanamume hata mmoja ataniona, nisije nikaletewa pole. Toeni hilo bango lenu la mpiga picha mlangoni, na jina la Afaf mlizike mara ya pili."

"Hakuna atakayekuona. Nakwambia mimi."

"Wewe huwezi hata kumkomesha anayekata maji mtaani."

"Maji ni ya wakubwa," Zein alisema. "Kamera ni ya mke wangu."

Akaenda kuoga, akavaa kanzu yake ya Ijumaa.

*

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofani, upande wa Mwembe Tayari. Meneja, jina lake Crispus, alikuwa akila viazi karai juu ya meza, na kamera imewekwa kando ya chupa ya pilipili. Ukutani alisimama Karisa, kofia yake ya ubawabu mikononi, akiigeuza kama usukani. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja, na juu yake palikuwa na mkoba wa meneja. Mkoba ukaendelea kuketi, Zein na bintiye wakasimama.

"Mzee, sema haraka, nina wageni wananingoja."

"Nimekuja kuchukua kamera ya binti yangu."

"Binti yako amevunja sheria. Ameingia kwa mali ya watu bila ruhusa."

"Alibisha hodi. Akakaribishwa."

Crispus alimgeukia Karisa, kiazi hakijafika mdomoni. "Ni kweli?"

"Ni kweli, bosi."

"Ulisema nini?"

"Nilisema karibu."

"Karibu! Kwani hiyo ni nyumba ya baba yako?"

"Mtu akibisha hodi, bosi, mdomo hujibu wenyewe. Hata wewe ukija ukibisha, nitasema karibu. Hujawahi kubisha tu."

"Sawa. Mwisho wa mwezi urudi kwenu, ukawakaribishe watu huko."

Karisa aliacha kuigeuza kofia. Aliitazama kwa ndani, mahali jasho lilipochora duara.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Everlyne, karani wa ofisi, anahema, na mfuko wa karatasi mkononi. "Nimekipata, bosi. Kile kidude cha kusomea kadi. Nimezunguka mpaka miguu imevimba."

Aliweka kidude mezani. Crispus alijifuta mafuta kwa karatasi, akanyoosha mkono kwenye kamera. Mkono wa Zein ukawa umetangulia. Hakupanga. Uliruka wenyewe, mkono ule wenye makovu ya boila, ukaifunika kamera yote.

"Mzee, toa mkono."

"Siutoi."

"Nitaita polisi."

"Waite. Lakini waambie waje wanawake watupu."

Everlyne alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo.

"Humu mna wake za watu," Zein alisema. "Mna picha za kupamba. Wamevua mabuibui, wako kichwa wazi, kwa kuwa waliahidiwa hawataonwa na mwanamume."

"Nywele tu?" Crispus alitabasamu. "Mzee, mimi naona nywele kila siku barabarani."

"Hizo umeonyeshwa. Hizi hukuonyeshwa." Sauti ya Zein haikupanda. "Mke wangu ndiye aliyekuwa mwenye kamera hii. Nimeishi nayo nyumba moja tangu nina ndevu nyeusi mpaka hizi unazoziona, na sijaona hata picha moja. Mimi mumewe. Sasa niambie, wewe ni nani hata uanze leo?"

Kwa kweli Crispus hakuwa na haja na wake za watu. Kilichomkosesha raha ni ile sakafu tupu. Waliompa gari na tai walikuwa bado wanawaambia watu kwamba mitambo imo, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha hakuna anayeingia kutazama.

"Basi tuelewane," alisema. "Za harusi sizitaki. Za kiwanda zifutwe. Zote. Hapahapa, sasa hivi. Halafu mchukue kamera yenu mwende."

Zein alimtazama bintiye. Miaka yote alipiga kelele barazani kwamba wakubwa wamekila kile kiwanda, na watu wakanywa kahawa yao wakacheka, wakasema huyo ni Zein na maneno yake. Leo ushahidi ulikuwa chini ya kiganja chake. Akisema hapana, kidude kile kitaingizwa kadi, na Bi Nasiha atacheza mbele ya Crispus na kiazi chake.

"Zifute," alisema.

"Baba!"

"Zifute, mwanangu. Arusi imepita, hairudiwi ikapigwa upya. Kiwanda hakiendi popote. Walivyokiharibu ndivyo kilivyo, na kesho utakikuta vilevile. Dada huyu aende nawe atazame, amhakikishie bosi wake. Mwanamume asikaribie."

Duha na Everlyne waliingia chumba cha nyuma, palipokuwa na birika na vikombe, wakafunga mlango. Betri ikaingia, kamera ikalia mlio mdogo. Zein aliusikia mlio ule kama mtu aitwaye jina.

"Na uniombe msamaha," Crispus alisema, amerudia viazi. "Umenishikia meza yangu."

Zein aliutoa mkono mezani. "Niwie radhi."

"Sijasikia."

Karisa aligeuza uso ukutani, asimwone mzee wa watu akisema mara ya pili.

"Niwie radhi, bwana."

"Na huyo msichana hataingia tena pale."

"Hataingia tena bila kukaribishwa."

"Vizuri," Crispus alisema, akachovya kiazi kwenye pilipili.

Everlyne alitoka kwanza. "Za kiwanda zimekwisha, bosi. Nimetazama mpaka ya mwisho." Kisha akawasindikiza hadi kwenye ngazi, na huko akashindwa kujizuia. "Baba, bibi harusi wenu ni mzuri, Mungu ambariki. Na yule mama mnene wa nguo ya kijani! Ai! Yule anajua kucheza jamani, yaani anashuka mpaka—"

Zein alikuwa amejitia vidole masikioni, anashuka ngazi upesi kuliko umri wake.

*

Bi Nasiha alipokea kadi kwa mikono miwili.

"Imeonwa?" aliuliza.

"Na mwanamke mmoja," Duha alijibu. "Karani wa pale. Ilikuwa hapana budi."

"Kasema nini?"

"Kasema wewe wajua kucheza."

Bi Nasiha alijaribu kununa, lakini mnuno haukumkaa usoni. "Kama ana macho, aseme nini?" Alilegeza buibui shingoni, akaomba maji, akakaa akazungumza mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Alipoondoka, Duha aliitazama kamera tupu. "Ile ya makoti, baba. Mwanga ulikuwa umeingia mikononi mwa yale makoti, kama yana watu. Sijapata kupiga picha kama ile."

"Lia kesho," Zein alisema, anatafuta viatu. "Leo nina kazi."

Alikwenda Marikiti. Hapo, katikati ya magunia ya viazi na kelele za wauzaji, alimpata Mung'aro, mwenzake wa boila, ambaye siku hizi alisukuma mkokoteni.

"Mung'aro, mitambo haipo."

"Zein na maneno yako. Imefunikwa turubali ile, tuliambiwa."

"Turubali gani? Imekatwa ikauzwa chuma chakavu. Mwanangu kaona kwa macho yake, kapiga na picha."

"Hebu nizione."

"Nimezifuta."

Mung'aro alicheka mpaka akashikilia mkokoteni usimkimbie. "Umezifuta! Jamani, njooni mumsikie Zein! Ana ushahidi, kaufuta!"

"Cheka," Zein alisema, na wala hakukasirika. "Sitaki uniamini. Ungeamini picha, wangekwambia ni za kiwanda kingine. Njoo Jumamosi asubuhi utazame mwenyewe, na umwambie kila uliyefanya naye kazi."

Alisema vivyo hivyo Kilindini, kwa wale waliopata kibarua cha kupakua mizigo. Alisema kwa akina mama wauzao mahamri waliokuwa wakifunga sabuni. Mmoja wao aliuliza jambo moja tu: kama makoti yapo bado, maana lake lilikuwa na kifungo chekundu, alikishona mwenyewe.

*

Jumamosi walijaa barabara mbele ya lango. Wapo waliokuja kuona, na wapo waliokuja kumcheka Zein, naye hakuwatenga. Alivaa ovaroli yake, imepigwa pasi, na vifungo vya tumboni vikakataa katakata kuonana.

"Boila imekufa, wewe umenenepa," Mung'aro alisema.

"Mvuke wake wote ulibaki tumboni mwangu," Zein alijibu, na hata akina mama wakacheka.

Duha alisimama kando yake. Kadi ya arusi ya juzi ilikuwa imeshafika kwa mwenyewe. Hii ilikuwa mpya, na aliikagua kisha akaikagua tena.

Nyuma ya nondo za lango, Karisa alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Leo hakulala. Aliutazama umati, akaitazama barabara ambako gari la meneja hutokea, akautazama tena umati.

"Hodi!" Zein aliita.

Karisa hakujibu. Mdomo ule uliojibu wenyewe, leo aliushika.

"Mzee Zein," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "nimeambiwa nitoke mwisho wa mwezi."

"Nilikuwapo. Nilisikia."

"Nikinyamaza, huenda akanisamehe."

"Huenda," Zein alisema. Hakumsukuma. Yeye mwenyewe aliomba radhi kwenye meza ile, alijua ladha yake. "Nami nilimwahidi kwamba mwanangu hataingia bila kukaribishwa. Ukinyamaza, tutarudi majumbani."

Yule mama wa kifungo chekundu akasogea kwenye nondo. "Hodi, mwanangu," alisema kwa adabu, kama aliyefika nyumba ya watu. Mung'aro akasema hodi. Nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka hodi zikawa nyingi na hakuna aliyecheka.

Karisa aliinuka kwenye ndoo. Alivua kofia ya ubawabu, akaitundika kwenye ncha ya nondo, akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. Mnyororo ulipoanguka, Duha aliinua kamera machoni.

"Karibuni," Karisa alisema, kwa sauti ya mtu aliye macho.